Natron: Zizi la kuzalia la flamingo wa Afrika Mashariki

WATALII wanaofika Ziwa Nakuru na Bogoria nchini Kenya, au Manyara na maziwa ya Momela nchini Tanzania, hupenda kuwaona flamingo. Hulipa viingilio, hukodi magari na kulala hotelini. Wengi hawajui kwamba karibu flamingo wadogo wote wanaowapiga picha huko wameanguliwa mahali pamoja, yaani Ziwa Natron, mkoani Arusha, mpakani mwa Tanzania na Kenya.

Flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, takriban robo tatu ya wote waliopo duniani. Hawana ratiba kama korongo wanaotoka Ulaya kila mwaka. Wao hufuata chakula, ambacho ni mwani mdogo sana unaostawi katika maji ya magadi. Ukipungua ziwa moja, huruka kwenda jingine.

Maisha yao yanafanana na ya mfugaji wa Kimasai anayehamisha mifugo kufuata nyasi. Malisho ni mengi, lakini zizi la kuzalia ni moja.

Kwa nini Natron?

Ziwa hilo ni la kina kifupi, kisichofikia mita tatu, na maji yake ni makali kwa magadi. Fisi na mbweha hawawezi kuvuka matope yake. Katikati ya ulinzi huo, flamingo hujenga viota vya matope mfano wa vichuguu vidogo. Kila jozi hutaga yai moja tu na kuliatamia kwa siku 28 hivi.

Kuzaa kwao hutegemea kiasi cha maji. Yakizidi, viota huzama. Yakikauka kupita kiasi, wanyama wala nyama huvifikia kwa miguu. Mwaka 1962 Natron ilipofurika, ndege walikwenda kuzaa Ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda kama pingu miguuni mwa vifaranga, na watu wakalazimika kuzivunja ili kuokoa maelfu yao.

Magadi au ndege?

Magadi ni bidhaa muhimu. Hutumika kutengeneza vioo na sabuni, na huweza kuliingizia taifa fedha za kigeni. Mwaka 2006 kulikuwa na mpango wa kujenga Natron kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Wahifadhi walipinga, wakihofia kwamba mitambo, mabomba na matumizi ya maji baridi yangewafukuza ndege. Ziwa hilo lilikuwa limeingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tangu mwaka 2001.

Tata ilijitoa mwaka 2008. Baadaye Serikali ilielekeza nguvu Engaruka, wilayani Monduli, ambako kuna hazina kubwa ya magadi chini ya ardhi. Mjadala huo ulionyesha kuwa magadi yanaweza kutafutwa kwingine, lakini zizi la kuzalia halina mbadala ulio karibu.

Hata hivyo, kukosekana kwa kiwanda hakujamaliza hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti za maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania kuanzia 1999 hadi 2022, ulionyesha kuwa kupanda kwa maji kunazimua magadi na kupunguza mwani. Eneo la Ziwa Nakuru lilikaribia kuongezeka maradufu kati ya 2009 na 2022. Malisho yakipungua huko, ndege hufika Natron wakiwa dhaifu.

Wakulima nao wanahusika. Mto Ewaso Ng'iro, unaoingiza maji Natron, huanzia milima ya Mau nchini Kenya. Msitu ukikatwa na mashamba kulimwa hadi ukingoni, mvua hushusha udongo ziwani, na kiangazi mto hupungua. Mkulima anayeacha miti kandokando ya mto na kulima kwa matuta huhifadhi rutuba yake mwenyewe. Papo hapo, humlinda ndege ambaye huenda hatamwona kamwe, pamoja na ajira ya mwongoza watalii aliye Nakuru au Manyara.