Jinsi AMD Ilivyojipenyeza Katika Soko la Intel

Prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri za kompyuta, ni bidhaa ambayo mnunuzi huibadili kwa shingo upande, kwa sababu programu alizonazo zimeundwa kwa kufuata seti maalumu ya amri, na chipu isiyozielewa amri hizo haimfai hata ikiwa na kasi ya ajabu. AMD, kampuni ya chipu iliyoanzishwa California mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya mshindani wake Intel, ilikuwa na kinga dhidi ya kikwazo hicho, kwani mkataba wa mwaka 1982 uliiruhusu kutengeneza chipu za x86, ambayo ndiyo seti ya amri ya Intel.

Thamani ya kinga hiyo ilidhihirika mwaka 2003. Intel ilikuwa ikiwahimiza wenye seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, wahamie kwenye Itanium, chipu ya biti 64 iliyoweza kutumia kumbukumbu kubwa zaidi lakini ikaendesha programu za zamani kwa kusuasua. AMD ilileta Opteron, iliyoipanua x86 hadi biti 64 bila kuzitupa programu hizo, na mwaka uliofuata Intel yenyewe ikalazimika kuifuata. Lakini ubora pekee hauvunji ukiritimba: AMD ilidai mahakamani kwamba Intel iliwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo la bei kwa masharti ya kuwabana wasinunue kwingine, na kesi hiyo iliisha mwaka 2009 kwa Intel kuilipa dola bilioni 1.25. Miaka miwili baadaye AMD ilitoa chipu za Bulldozer, ambazo zilizidiwa vibaya na za Intel, ikadidimia hadi hisa yake ikauzwa chini ya dola 2.

Kilichoiokoa ni mapato ya chipu za PlayStation 4 na Xbox One, zilizoingia sokoni mwaka 2013, pamoja na uamuzi wa kubuni prosesa upya kabisa. Matunda ya uamuzi huo yalionekana mwaka 2017, chini ya uongozi wa Lisa Su, ilipotoka Ryzen yenye viini 8, yaani sehemu 8 zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kwa dola 499, ilhali chipu ya Intel yenye idadi hiyo ya viini iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Siri ya bei hiyo, hasa kwenye seva, imo katika utengenezaji. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani nyembamba ya silikoni, na dosari moja ndogo huweza kuharibu kipande kizima kilichoangukiwa nayo. Kwa hiyo kipande kikiwa kikubwa, hasara nayo huwa kubwa. AMD iliunda prosesa za seva za EPYC kwa kuunganisha vipande vidogo kadhaa, na mwaka 2019 vile vya viini vikatengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa teknolojia mpya ya nanomita 7, huku kipande cha kuviunganisha kikibaki kwenye teknolojia ya zamani iliyo nafuu. Wakati huohuo viwanda vya Intel vilikuwa vimechelewa kwa miaka kadhaa kuikamilisha teknolojia yake ya nanomita 10.

Hata hivyo, wenye vituo vya data hawakukimbilia EPYC ya kwanza ya mwaka 2017, kwani walitaka kuona kama kampuni iliyowahi kuanguka ingeleta toleo la pili kwa wakati. Toleo hilo lilipofika mwaka 2019 likiwa na viini 64, mara mbili ya lile la kwanza, na likaingia kwenye soketi ileile, yaani mahali prosesa inapochomekwa, ndipo oda zilipoanza kuongezeka mwaka hadi mwaka.