Aina mpya za mimea: haki ya mgunduzi na nafasi ya mkulima

Mkulima anayenunua mbegu ya maharage au ya viazi mviringo hulipia vitu viwili: mbegu yenyewe, na kazi ya miaka mingi ya mtafiti aliyeizalisha aina hiyo. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayolindwa na Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea ya mwaka 2012. Mwaka 2015 Tanzania ilijiunga pia na umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV.

Ili ilindwe, aina ya mmea sharti itimize masharti manne: iwe mpya sokoni, iwe tofauti na aina nyingine zinazojulikana, mimea yake ifanane, na sifa zake zisibadilike kizazi hata kizazi. Taasisi ya Uthibitishaji wa Mbegu Tanzania (TOSCI) huzipima sifa hizo shambani. Haki ikishatolewa hudumu miaka 20, na miaka 25 kwa miti na mizabibu. Katika muda huo, anayetaka kuzalisha mbegu za aina hiyo kwa ajili ya kuuza hana budi kupata kwanza idhini ya mwenye haki.

Je, mkulima wa Soni, Vuga au Mgwashi amefungwa mikono? La. Matumizi binafsi yasiyo ya biashara hayakatazwi, wala majaribio ya utafiti. Kwa mazao yanayoruhusiwa, mkulima anaweza pia kuweka sehemu ya mavuno yake na kuipanda tena katika shamba lake mwenyewe, kwa kiasi. Hata hivyo, ruhusa hii haihusu matunda, mbogamboga, maua wala miti ya misitu. Jambo hili ni zito katika milima ya Usambara, ambako kaya nyingi hutegemea mboga na matunda. Anayekusudia kuzalisha na kuuza miche au vikonyo aulize kwanza iwapo aina hiyo inalindwa.

Mbegu za asili zilizorithiwa kwa mabibi si aina mpya. Hakuna awezaye kuzidai kuwa ugunduzi wake. Vilevile, si kila mbegu iliyopo dukani ina haki ya mgunduzi. Kusajiliwa kwa aina ili iuzwe nchini ni jambo moja. Kulindwa kwake ni jingine.

Wapo pia wakulima wanaotaka kuzalisha mbegu kwa ajili ya majirani. Kwao ipo njia halali: mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo mzalishaji wake hujisajili na mashamba yake hukaguliwa. Njia hiyo haiondoi ulazima wa idhini pale ambapo aina inalindwa.

Mkulima mwenye shaka amwone afisa ugani wa kata yake kabla ya msimu kuanza, akiwa na jina kamili la aina husika na lebo ya mfuko wa mbegu. Swali hilo halina gharama; mgogoro baada ya mavuno unayo.