SHULE NA KARAKANA: NANI ATAMFUNZA FUNDI WA PWANI?

Kila mwaka vijana wengi wa Kilifi na Malindi hutoka shuleni na vyuoni wakiwa na vyeti mikononi. Wazazi wao wamekwisha kuuza nazi, korosho au mbuzi ili kulipa karo, na sasa wangojea kwa matumaini kumwona mtoto akianza kazi. Kwa upande wa pili, wenye hoteli, wenye viwanda na wenye mashamba makubwa hulalamika ya kuwa mafundi hodari ni haba. Mtambo wa kupoza hewa ukiharibika hotelini, au injini ya mashua ikikataa kuwaka, mara nyingi fundi huitwa kutoka Mombasa au mbali zaidi. Basi kijana yumo katika kutafuta kazi, na kazi nayo yatafuta fundi, lakini hawakutani.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Kijana amefunzwa na mwalimu asiyejua mwajiri ataka nini. Naye mwajiri ataka fundi ambaye yeye mwenyewe hakushiriki kumfunza. Dawa inayotumika katika nchi nyingi, na ambayo katika Kenya pia ina historia yake, ni mapatano baina ya vyuo na makampuni ili wote wawili wamlee mwanafunzi mmoja. Yafaa kueleza mapatano hayo yalitoka wapi, yafanyaje kazi, na kwa nini mara nyingine hushindwa.

UANAGENZI SI JAMBO GENI

Watu wa pwani wana methali isemayo, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Waliounda mashua na majahazi hawakusomea kazi hiyo darasani. Mwanagenzi aliingia kwa fundi akiwa kijana mdogo. Kwanza alichukua vyombo na kushika mbao; kisha alipewa keekee atoboe matundu; baadaye alifunzwa kutia kalafati, yaani kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyopakwa mafuta. Miaka ilipita kabla ya kuruhusiwa kushika tezo na kuchonga mataruma peke yake. Aliyemfunza ndiye aliyeitumia kazi yake, kwa hiyo hakuwa na faida yo yote katika kumfunza vibaya. Kosa likitokea, chombo kilivuja, na watu wangezama.

Hata hivyo utaratibu huo ulikuwa na upungufu. Fundi aliwafunza wachache tu, na aghalabu walikuwa watoto wa ndugu zake. Hapakuwa na michoro wala hesabu za kuandikwa, na mwanagenzi akihamia mji mwingine hakuwa na cheti cha kuonyesha. Ilipokuja injini, na baada yake umeme na friji, ujuzi wa mkono peke yake haukutosha tena.

Shule za ufundi zilianzishwa ili kuondoa upungufu huo. Katika pwani, mfano mkubwa ulikuwa chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, ambacho watu walizoea kukiita MIOME. Kiliasisiwa mwaka 1948 kwa msaada wa fedha za Serikali, za Sultani wa Zanzibar, za Aga Khan na za jamii ya Mabohora, na nia yake ilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika ya Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu cha ufundi. Wengi wamefaidika nacho. Lakini shule, kwa tabia yake, humtenga mwanafunzi na karakana: hufunza kwa ratiba, kwa mashine ambazo pengine zimechakaa, na huhukumu kwa mtihani. Kwa hiyo swali lililobaki ni jinsi ya kuyaunganisha tena mambo mawili yaliyotengana.

SHERIA NA USHURU

Katika Kenya, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959. Kwa sheria hiyo mwanagenzi na mwajiri hutia sahihi mapatano yanayosajiliwa. Mwajiri akubali kufunza, na mwanagenzi akubali kutumika na kujifunza kwa muda uliowekwa. Mwaka 1971 uliongezwa ushuru wa mafunzo, na mwaka 2011 ikaundwa mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ijulikanayo kwa jina la NITA.

Ushuru huo watozwa kwa hesabu ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Ni mwajiri azilipaye. Naye akiwapeleka watu wake katika mafunzo yaliyokubaliwa, aweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Mwajiri alipaye ushuru bila kumfunza mtu ni kama mkulima achangiaye kuchimba kisima kisha asiteke maji.

Hoteli zina utaratibu wao wa pekee. Sheria ya mwaka 1972 iliweka ushuru wa asilimia 2 juu ya malipo ya wageni kwa vyumba, chakula na vinywaji. Kwa fedha za namna hiyo, na kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, chuo cha Utalii kilianza Nairobi mwaka 1975. Kando ya madarasa ilijengwa hoteli ya kweli yenye wageni wa kweli, ili mwanafunzi akiunguza mchuzi asikie maneno ya mgeni mwenyewe. Wapishi na wasimamizi wengi wa hoteli za pwani walitoka huko. Lakini kijana wa Malindi aliyetaka kujifunza kazi ya hoteli, ingawa hoteli zilimzunguka nyumbani kwao, alipaswa kusafiri kilomita 600 hivi.

WAFANYAVYO WENGINE

Nchi inayotajwa sana katika jambo hili ni Ujerumani. Huko kijana hutia sahihi mapatano na kampuni, kisha juma lake hugawanywa: siku tatu au nne hufanya kazi chini ya fundi mkuu, na siku moja au mbili hukaa darasani. Mafunzo huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, na muda huo wote kijana hupata posho kutoka kwa kampuni. Mtihani wa mwisho hausimamiwi na shule peke yake. Vyama vya wafanyabiashara na mafundi ndivyo viutoavyo, na kwa hiyo cheti huheshimiwa na kila mwajiri. Sheria ya mwaka 1969 iliyaweka mambo hayo yote pamoja.

Kenya nayo imeanza kufuata njia hiyo tangu sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2013. Mafunzo mapya hugawanywa katika vipande, na mwanafunzi hupimwa kwa kile awezacho kutenda, si kwa kile akumbukacho tu. Kadhalika wapo mafundi waliojifunza kwa mikono bila kuingia chuo. Hao waweza kufanya majaribio ya ufundi ya Serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, wakapata cheti kwa ujuzi walio nao tayari.

MIFANO YA KILIFI

Katika Kaunti ya Kilifi ipo mifano kadhaa ya kutazamwa. Huko Mariakani, mahali penye kiwanda cha mabati cha Mabati Rolling Mills, taasisi ya hisani ya kampuni hiyo iliasisi chuo cha ufundi ambapo vijana hufunzwa kazi kama vile uchomeleaji na umeme. Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, huwapokea kwa muda baadhi ya vijana waliomaliza kidato cha nne, wakafanya kazi pamoja na wataalamu kabla ya kwenda chuo kikuu. Hicho si kampuni ya biashara, lakini mafunzo ni yale yale: kijana aona kazi jinsi ilivyo kabla ya kuichagua.

Upo pia mfano wa kuonya. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa baharini, na tarehe 26 Aprili, 1967, chombo cha San Marco 2 kilirushwa kutoka hapo kwenda angani. Tarehe 12 Desemba, 1970, kilirushwa kingine kilichopewa jina la Uhuru. Wavuvi wa Ngomeni waliona moto ukipanda mbinguni. Lakini kuwa jirani ya mtambo hakumfanyi mtu awe fundi wake. Mafunzo hayana budi kuandikwa katika mapatano. Ndiyo maana mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa sahihi mwaka 2016 ulikuwa na vifungu vya elimu na mafunzo ya Wakenya.

Mfano wa tatu ni Vipingo. Ujenzi wa chuo cha utalii kilichopewa jina la marehemu Ronald Ngala, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi wa siasa, ulianza mwaka 2013. Kazi hiyo ilichelewa miaka mingi na gharama zake zikapanda sana. Jengo zuri ni jambo la kutamaniwa. Lakini katika miaka hiyo yote majiko ya hoteli za Watamu na Malindi yaliendelea kuwaka, na kila jiko lingeweza kumpokea mwanagenzi mmoja au wawili.

KWA NINI HUSHINDWA

Kosa la kwanza ni kumpokea mwanafunzi bila kumfunza. Kijana apelekwa kazini kwa miezi mitatu, naye hupewa ufagio, au hutumwa kununua chai; siku ya mwisho daftari lake latiwa sahihi upesi upesi kana kwamba amejifunza yote. Mwalimu wake hakuja kumtazama, na msimamizi hakuambiwa afunzwe nini. Huyo atarudi nyumbani na cheti, lakini hataweza kufungua injini. Hasara humwangukia mzazi aliyeuza mbuzi wake.

Kosa la pili ni hofu ya mwajiri. Husema, nikimfunza leo, kesho atachukuliwa na jirani. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, na kampuni moja peke yake haiwezi kuiondoa. Ikiwa hoteli kumi za Malindi zafunza kila moja vijana wawili, hoteli ikimpoteza mmoja itampata mwingine aliyefunzwa na jirani. Lakini ikiwa moja yafunza na tisa zangojea kuvuna, ile moja itachoka.

Kosa la tatu ni kumfunga kijana na kazi moja mahali pamoja. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilichojengwa katika miaka ya 1970 kilifungwa katika miaka ya 1990, na hoteli za Malindi nazo huwa na miezi ya wageni wengi na miezi ya vyumba vitupu. Fundi wa umeme aliyefunzwa vema aweza kutoka hotelini akaenda kwenye mashine za chumvi za Gongoni au za mkonge wa Vipingo. Yule aliyejua kubonyeza kitufe cha mashine moja tu hana pa kwenda mashine hiyo ikisimama. Kwa hiyo yafaa mapatano yawe ya wilaya nzima, si ya shule moja na tajiri mmoja.

YAPASAYO KUFANYWA

Tangu kuanza kwa serikali za kaunti mwaka 2013, vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini vimekuwa mikononi mwa kaunti, navyo vyuo vikubwa viko chini ya Serikali kuu. Maana yake ni kwamba wenye kuwakutanisha walimu na waajiri wa Kilifi wako karibu, na wananchi waweza kuwauliza.

Mzazi, kabla ya kulipa karo, na aulize maswali matatu. Je, chuo hiki kina mapatano ya maandishi na waajiri gani? Mtoto atakaa kazini kwa muda gani, na nani atakayemsimamia huko? Waliomaliza mwaka uliopita wako wapi sasa? Chuo chema hakitaona haya kujibu. Mwajiri naye na aandike mambo ambayo mwanagenzi atafunzwa kila juma, na amteue fundi mmoja wa kumwongoza, badala ya kumwachia kila mtu amtume apendapo. Mwalimu na aende kazini kuwatazama wanafunzi wake, naye atajifunza kule mashine mpya ambazo chuo chake hakinazo. Kijana mwenyewe na akubali kuanza chini, kama alivyoanza yule aliyeshikilia mbao ufukoni. Lakini akiona miezi yapita na bado ashika ufagio, ana haki ya kumwambia mwalimu wake.

Chombo kimoja kikiundwa na watu wawili, mmoja akachonga mkuku bila kumwuliza mwenziwe urefu wa mbao, hakitafika maji makuu. Shule na karakana wanaunda chombo kimoja, na abiria wake ni watoto wa pwani.