Jipime Kwanza

Njooni, wanangu, kaeni hapa kivulini. Maji ya hapa Kilifi hayajajaa bado. Tuna muda wa hadithi moja.

Jana mpwa wangu aliniuliza swali. Ana miaka 10, na maswali yake hayaishi. Nami nayapenda yote. Mtoto anayeuliza ni furaha ya nyumba!

Alikuwa amesimama mbele ya kayaki nyekundu, ule mtumbwi wa plastiki. Kwenye mkanju tulikuwa tumeegemeza makafi matatu: refu, la kati na fupi. Kila kafi lilikuwa na mabapa mawili, moja huku, moja kule. Msiyaite makasia, wanangu. Kasia hufungwa kwa kishwara ubavuni mwa chombo. Kafi halifungwi popote, linashikwa na mikono yako tu.

"Mjomba, nichukue lipi?"

"Wewe unapenda lipi?"

"Lile refu! Refu ndilo lenye nguvu."

Nikamwacha alichukue. Akapiga kafi kushoto, kayaki ikageukia kulia. Akapiga kulia, ikageukia kushoto. Ilienda upogo kama kaa wa mikokoni. Punde akarudi, anasugua mabega.

Hapo kafi fupi likakohoa pale mtini. Likasema: "Jipime kwanza, mtoto mzuri. Jipime kwanza."

"Nijipime kwa kitu gani? Sina rula."

"Mababu zangu pia hawakuwa na rula," likajibu. "Kwetu asili ni Greenland, kaskazini kabisa, kwenye barafu. Huko miti mikubwa ni adimu. Mbao zililetwa na bahari. Gogo lilichukuliwa na mto huko Siberia, likanaswa kwenye barafu, likasafiri miaka mpaka likatupwa ufukweni. Mtu akiliokota, hakulichonga ovyo. Alinyoosha mikono yote miwili. Urefu huo, kisha akaongeza kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Hapo ndipo kafi lilipoishia."

Mpwa wangu akaruka. "Mjomba! Si ndivyo babu anavyopima kamba ya nanga?"

Ndivyo hasa! Mikono iliyonyooshwa ni pima. Kiwiko mpaka ncha ya kidole ni dhiraa. Kafi la Greenland ni pima moja na dhiraa moja. Wale watu hawakuwahi kukutana na babu yenu, lakini wote walibeba kipimo kilekile mwilini.

Tukampima. Pima yake sentimita 140. Dhiraa yake 38. Jumla 178. Lile refu alilochukua lilikuwa na sentimita 240! Hilo ni la mtu mzima, tena mwenye chombo kipana.

"Chombo nacho kinahusu nini?"

Swali zuri sana. Fikirini sinia la pilau. Sinia likiwa dogo, mkono unafika katikati bila taabu. Likiwa pana, mwenye mkono mfupi anainuka kwenye mkeka. Na kayaki ni hivyohivyo. Za Greenland ni nyembamba, kama sentimita 50 tu. Yetu ina 75. Kafi likiwa fupi mno, vidole vinagonga ubavu wa chombo na kuchubuka. Kwa hiyo tukaongeza kidogo juu ya 178. Lile kafi fupi lilikuwa na sentimita 190.

"Ni mimi," likasema. Likanyamaza kwa adabu.

Lakini kafi la kati likadakia: "Bapa langu ni pana kuliko lako! Nasukuma maji mengi!"

Ni kweli, linasukuma mengi. Lakini jamani, kisimani mtoto hapewi ndoo ya mama yake. Anapewa kidumu chake, anaenda na kurudi akiimba. Bapa pana ni ile ndoo. Kwa mabega madogo mimi nachagua bapa jembamba, wala sisiti.

Na uzito? Hapa sikilizeni vizuri. Ukipiga kafi mara 50 kwa dakika, kwa saa moja umepiga mara 3,000. Kila mara unainua kafi zima. Likizidi gramu 300 tu, ni kama umefunga chupa ndogo ya maji kwenye mpini, ukaiinua mara 3,000. Ndiyo maana la mpini wa alumini huchosha kuliko la nyuzi za kaboni, ingawa la kaboni ni ghali mno na la alumini linatosha kabisa kwa kuchezea hapa kwetu.

"Sasa nilishike wapi, mjomba?"

Nikamwambia aliweke kichwani, kama mama aliyejitwika kuni. Akasogeza mikono taratibu mpaka kila kiwiko kikakunjika kama kona ya chumba. Hapo! Tukafunga uzi mwekundu kila upande, ili mikono isisahau mahali pake.

Maji yakajaa. Akaingia. Chubwi kushoto, chubwi kulia. Kayaki ikanyooka kuelekea mikokoni, na matone yakadondoka kutoka kwenye bapa lililo juu, moja moja.

Aliporudi, mdogo wake alikuwa anamngoja ufukweni. Akanyoosha mkono apewe kafi.

"Nyoosha yote miwili," dada akamwambia.