Mpira, Mrija au Katheta?

Mgonjwa wa moyo atokaye wilaya za Mbulu na Hanang aweza kupimwa Haydom, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Lakini akihitaji kufunguliwa kifua hana budi kusafiri mbali, pengine hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya upasuaji, yeye au jamaa yake hutakiwa kutia sahihi fomu ya ridhaa. Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapopimwa.

Tuchukue neno *mpira*. Kwa watu wengi mpira wa hospitali ni ule wa mkojo. Mtu akiambiwa kwamba daktari wa usingizi "atamwekea mipira", hukubali bila kuuliza. Kumbe inayokusudiwa ni mirija mwembamba ya aina nyingine: mmoja huingizwa katika ateri ya mkono ili kupima shinikizo la damu kila moyo unapopiga; mwingine hupitia vena ya shingo mpaka karibu na moyo. Upo na wa tatu, uliotangazwa na madaktari Swan na Ganz nchini Marekani mwaka 1970, ambao hupenya ndani ya moyo hadi ateri ya pafu.

Twapendekeza *katheta*, ikifafanuliwa mara ya kwanza kwa sentensi kamili. *Mrija* pekee hautoshi, kwani hata soda hunywewa kwa mrija.

Neno *mshipa* lina utata zaidi. Ni njia ya damu, ni neva, na kwa wengine ni ngiri. Katika matumizi ya kila siku halina ubaya. Katika fomu hii ni hatari, maana tatizo mojawapo ni sindano kuchoma ateri badala ya vena. Mfasiri aliyeandika "mshipa" kotekote atafasirije hilo? Ataandika kwamba mshipa umechomwa badala ya mshipa! Wasemaji wa Kiiraqw na Kidatoga, ambao lugha zao si za Kibantu, hawana njia ya kukisia kilichokusudiwa.

Tena, *tatizo* lisiandikwe *kosa*: laweza kutokea hata mikononi mwa bingwa. Basi fomu na iseme hivi: "Katheta, yaani mrija mwembamba, itaingizwa katika vena ya shingo, njia irudishayo damu moyoni. Yaweza kutokea ateri ikachomwa, damu ikavuja. Utando wa pafu ukatobolewa, hewa ikajaa kifuani. Mapigo ya moyo yakavurugika. Au vijidudu vikaingia katika damu. Katheta ifikayo pafuni yaweza, kwa nadra, kupasua ateri ya pafu, na mgonjwa akafa."