Usifungue boksi kila mara: weka mlango wa programu kwa nje

Haya wadau, leo siasa pembeni kidogo. Nataka kuwaeleza wale wenzangu wanaojitengenezea vifaa vya elektroniki nyumbani jambo dogo ambalo lilinitia hasara na aibu.

Mimi nimemaliza fomu foo, chuo bado, hivyo natafuta riziki kwa kutengeneza vidude. Mama mmoja jirani yetu aliniomba nimtengenezee mashine ya kutotolesha vifaranga. Kabati la mbao, balbu za kupasha joto, na boksi la plastiki lenye chipu ya ATmega328P inayosoma joto kwa sensa ya DS18B20 na kuziwasha au kuzizima balbu kwa rilei. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Akapanga mayai 60.

Siku ya 9 akaniita: "Mwanangu, naona joto linapanda sana." Nikajua ni namba tu za kubadilisha kwenye programu. Nikafungua skrubu nne, nikavuta saketi nje, nikashika nyaya sita za kompyuta moja moja, nikapakia programu, nikafunga. Dakika kumi tu, nikaondoka nikijisifu.

Kumbe bwana, pale nilipovuta saketi waya wa sensa ulikatika kwenye lehemu! Sensa hiyo ikikatika, programu yangu inapokea namba -127. Chipu ikaamini ndani kuna baridi kuliko friji, ikawasha balbu usiku kucha. Asubuhi mayai yote yameiva. Nilisema, "Nisamehe mama, kosa ni langu," na nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi miwili.

Nilijifunza mawili. Kwanza, programu ikisoma -127 izime balbu na ipige kengele, isiwashe. Pili, na ndiyo mada ya leo, kinachoua vifaa vyetu ni kule kufungua fungua. Mlango wa kuingizia programu uwe nje ya boksi.

Chipu hii inapakiwa kwa nyaya sita zinazoishia kwenye konekta ya pini sita, safu mbili za tatu tatu, umbali wa pini na pini milimita 2.54. Mpangilio wake ni huu:

Pini 1: MISO, mguu wa 18 wa chipu
Pini 2: umeme wa volti 5, mguu wa 7
Pini 3: SCK, mguu wa 19
Pini 4: MOSI, mguu wa 17
Pini 5: RESET, mguu wa 1
Pini 6: GND, mguu wa 8

Nunua ile konekta yenye kingo pande zote na mwanya upande mmoja. Mwanya ule unazuia mtu kuchomeka kinyume. Pini tupu zisizo na kingo ni bei chee, lakini siku una haraka utageuza tu.

Tundu lake ni la mstatili. Pima konekta yako, chora kwa penseli, toboa vitundu vidogo kwa drili ndani ya mstari, kata kwa wembe wa msumeno, kisha malizia kwa tupa huku ukijaribisha kila mara. Ukizidisha, hakuna kurudisha.

Sasa sikiliza hapa, wengi tunakosea. Mara ya kwanza niliibandika konekta kwa gundi. Baada ya kuchomeka mara chache ikazama ndani ya boksi. Dawa yake: ilehemu konekta kwenye kipande kidogo cha saketi, kisha kifunge kipande hicho kwenye boksi kwa skrubu mbili. Ukisukuma, nguvu inabebwa na boksi, siyo na nyaya. Nyaya nazo ziachie ulegevu kidogo, na uzifunge pamoja karibu na saketi ili mvuto usifike kwenye lehemu. Ziwe fupi pia. Zikiwa ndefu, upakiaji unaanza kukataa kataa.

Mtego mwingine: ukilehemu unaitazama konekta kwa nyuma, kwa hiyo kushoto kunakuwa kulia. Pini 1 inageuka 2, na 5 inageuka 6. Kabla ya kuchomeka chochote, chukua mita iliayo, gusa pini kwa nje na mguu wa chipu kwa ndani, moja baada ya nyingine zote sita. Ikilia panapotakiwa tu, endelea.

Halafu kuna rilei. Mimi niliiweka kwenye mguu wa 19, yaani njia ileile ya SCK. Kila nikipakia programu ikawa inagonga ta-ta-ta-ta na balbu zinamulika kama disko. Ihamishie mguu mwingine, mimi natumia wa 4.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Ndani ya boksi kuna umeme wa nyumbani, volti 230, na wewe umetoa pini za chuma nje. Toboa upande ulio mbali na rilei na nyaya za balbu. Hakikisha zile volti 5 zinatoka kwenye chaja yenye transfoma ndani. Kuna saketi za kubania zinazopunguza umeme kwa kapasita tu. Hizo kugusa pini ni sawa na kugusa waya wa ukutani, na kompyuta yako nayo itaungua. Na kila unapopakia programu, chomoa plagi ukutani kwanza. Chipu itapata volti 5 kutoka kwa kipakiaji.

Mimi nimefunika konekta kwa kipande cha mpira wa ndala, vumbi na vidole vya watoto visifike.

Yule mama alinipa nafasi tena. Safari hii nilibadilisha joto mara tatu bila kugusa skrubu hata moja, na siku ya 21 tukasikia sauti za vifaranga. Deni la mayai limeisha, na bado ananiita mwanangu.

Nawasilisha. Kama una njia bora zaidi, tuelimishane hapo chini.