Usafi wa chombo cha uvuvi hauanzi na ufagio

Mji wa Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, uko mbali na bahari na mbali na ziwa lolote lenye wavuvi. Jirani yake ni Mbuga ya Wanyama ya Meru na malisho makavu ya Waborana, na mali inayotegemewa huko ni mifugo na maziwa yake. Hata hivyo, swali la makala haya linaeleweka Kinna pengine kuliko mahali pengi nchini: chombo kinachobeba chakula husafishwaje hata kikastahili kuitwa safi?

Kiswahili kimeviweka vitu viwili chini ya neno moja. Chombo ni kile kinachotiwa maziwa, na chombo ni mashua iendayo baharini. Mama wa Kiborana hamimini maziwa katika chombo kilichooshwa kwa maji peke yake. Hukifukiza kwanza kwa vijinga vya miti aliyoichagua, joto na moshi vikaingia katika nyufa na nyuzi ambazo mkono haufiki, ndipo maziwa yakakaa bila kuharibika upesi. Anajua kwamba uchafu unaodhuru si ule unaoonekana kwa macho. Biashara ya maziwa ya ngamia kutoka Isiolo hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ilipopanuka, tatizo lilijidhihirisha katika dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba: ni jepesi kubeba, lakini mkono hauingii ndani na moto hauwezi kutumika.

Mvuvi naye ana chombo chenye pembe zisizofikika, na kwake jambo ni zito zaidi kwa sababu chombo chenyewe kinaelea katika maji ambayo huenda ni machafu.

Mashua ya mbao ina pande mbili za kusafishwa, nje na ndani, na kila upande una adui wake. Tuanze na nje. Katika Bahari ya Hindi, ubao uliozama haukai muda mrefu kabla ya kuota utelezi na mwani, kisha viumbe vidogo vyenye magamba hujibandika juu yake na kung'ang'ania kama saruji. Chombo kilichoota magamba hupoteza mwendo, na kama kina mashine huteketeza mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile. Adui mbaya zaidi ni yule anayeitwa mnyoo wa baharini, ingawa kwa hakika ni jamaa ya chaza. Huingia ubaoni akiwa mdogo mno, huacha tundu ambalo jicho hulipita, kisha hula kutoka ndani. Mwenye chombo huuona ubao mzima mpaka siku anapoukanyaga ukavunjika.

Mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa na tiba yao tangu zamani. Walingoja bamvua, wakakipweleka chombo ufukweni wakati maji yamejaa, na maji yalipotoka kikabaki pakavu. Hapo walikwangua magamba, wakapitisha mienge ya makuti makavu chini ya mbao ili moto uue wadudu bila kuunguza ubao, wakarudisha kalafati palipolegea, kisha wakapaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kukaa upande ambako upepo unaelekea. Kazi yote ilipaswa kumalizika kabla ya maji kujaa tena, na ilirudiwa mara kadhaa kwa mwaka.

Leo rangi za viwandani zimechukua nafasi ya deheni katika vyombo vingi. Rangi hizo huzuia magamba kwa kuwa zina sumu, mara nyingi ya shaba. Iliyokuwa kali kuliko zote, yenye madini ya bati, ilidhuru konokono na chaza wasiohusika kiasi kwamba mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Kwa hiyo usafi wa nje nao una gharama yake kwa bahari.

Katika Ziwa Victoria mambo ni tofauti. Maji yake ni baridi yasiyo na chumvi, na mnyoo wa baharini haishi humo. Mvuvi wa Kisumu, Homa Bay au Mwanza hukwangua mwani na kuziba nyufa, basi. Vita vyake viko ndani ya chombo, na hapo ndipo nchi tatu zilipopata somo ambalo halijasahaulika.

Ili kulielewa somo hilo ni lazima kwanza kumwelewa samaki. Samaki mzima anapotolewa majini, nyama yake kwa kawaida haina vijidudu. Vijidudu viko katika ute wa ngozi, katika mashavu na matumboni. Akifa, ulinzi wa mwili hukoma, na vijidudu huanza safari ya kuelekea nyamani. Katika joto la nyuzi 30, baadhi ya vijidudu huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa hivi. Katika barafu inayoyeyuka, mwendo huo hupungua sana. Sasa mtazame samaki huyo akiwa amelazwa juu ya mbao zenye nyufa, juu ya ute wa jana uliokauka, karibu na maji ya ngama yaliyochanganyika damu, mafuta ya mashine na tope la miguu. Mvuvi huyafua maji hayo kwa upo, lakini hayaishi. Kila wimbi likikiyumbisha chombo, maji hayo huwaosha samaki.

Ute wa jana ndio mbegu ya uharibifu wa leo. Mbao haziwi safi kwa kufagiwa, kwa kuwa ubao hunywa. Damu na ute huzama katika nyuzi zake na kubaki humo wakati uso wa juu unang'aa.

Kwa samaki wa baharini kama jodari, nguru na vibua kuna hatari ya pili. Wakikaa katika joto, vijidudu hugeuza kemikali iliyomo katika nyama yao kuwa sumu iitwayo histamini. Mlaji huwashwa, huwa mwekundu usoni na kuumwa na kichwa, na mara nyingi hudhani ni mzio. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kuweka makoponi. Mpishi hodari hawezi kurekebisha kosa lililofanyika ndani ya mashua.

Katika miaka ya 1990, samaki aina ya sangara, ambaye wengi nchini Kenya humwita mbuta, alikuwa amekwisha kuwa bidhaa kubwa ya kuuzwa Ulaya. Viwanda vya kukata minofu vilisimama kuzunguka ziwa, na ndani ya viwanda hivyo wafanyakazi walivaa makoti meupe na mabuti. Tatizo lilikuwa kule samaki alikotoka. Fuo nyingi hazikuwa na choo, hazikuwa na maji safi wala barafu, na samaki walishushwa juu ya mchanga au nyasi.

Kati ya mwisho wa mwaka 1996 na mwanzo wa 1997, Hispania na Italia zilizuia samaki wa ziwa hilo kwa madai ya kuwapo kwa vijidudu vya salmonela. Desemba 1997, kipindupindu kilipokuwa kimezagaa Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na zuio hilo liliendelea hadi katikati ya mwaka 1998. Mwaka 1999 likaja pigo la tatu, baada ya taarifa kwamba baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kutumia dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2000, Tanzania ikitangulia, Uganda ikifuata na Kenya ikiwa ya mwisho.

Je, Ulaya ilitenda haki? Kuhusu kipindupindu, Shirika la Afya Duniani lilikuwa na msimamo kwamba kuzuia chakula si njia inayofaa ya kukabiliana na ugonjwa huo, na wataalamu waliona hatari ya kuupata kupitia samaki aliyesafirishwa na kupikwa kuwa ndogo mno. Mwandishi huyu anaafiki. Lakini kusema zuio lilikuwa kali mno si sawa na kusema fuo zilikuwa safi. Hazikuwa safi, na kila aliyewahi kuzitembelea katika miaka hiyo alijua.

Masharti yaliyotakiwa kutimizwa hayakuwa siri. Yalikuwa yameandikwa katika agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1991 kuhusu mazao ya uvuvi, na leo yamo katika kanuni nambari 853 ya mwaka 2004. Chombo kiundwe ili samaki wasiguswe na maji ya ngama, maji taka, moshi, mafuta wala grisi. Sehemu zinazogusana na samaki ziwe laini na rahisi kusafishwa. Samaki wakingwe dhidi ya jua, waoshwe kwa maji ya kunywa au maji mengine safi, na wapozwe mapema iwezekanavyo hadi karibu na joto la barafu inayoyeyuka. Kenya ilitunga kanuni zake za ubora wa samaki mwaka 2000, na mwaka 2007 ikatoa kanuni za vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 ikazipa shughuli hizo msingi mpya.

Katika orodha hiyo yote, neno gumu kuliko mengine ni "maji safi". Wavuvi wengi husafisha vyombo vyao. Hakuna anayependa kuketi katika uvundo. Wakifika pwani huteka maji pale pale walipotia nanga na kuyamwaga ndani kwa ndoo, wakisugua kwa mchanga. Lakini maji ya kando ndiyo machafu kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya ziwa. Ndipo nguo zinapofuliwa, mifugo inaponyweshwa, matumbo ya samaki yanapotupwa, na pasipo na choo, ndipo mvua inapoteremsha kila kitu kilichoachwa vichakani. Chombo kilichooshwa kwa maji hayo kinaweza kuondoka na vijidudu vibaya kuliko vile kilivyokuja navyo. Maji ya mbali na ufuo ni afadhali, na maji ya bomba au ya kisima kilichopimwa ni afadhali zaidi.

Utaratibu wenyewe si mgumu, ila mpangilio wake lazima ufuatwe. Samaki wakiisha kushushwa, chombo kimwagiwe maji ya baridi mara moja, kabla ute haujakauka. Maji ya moto yasitangulie, kwa maana hugandisha damu na ute kama yai kikaangoni. Baadaye ndipo sabuni na brashi ngumu, hasa katika maungio ya mbao na chini ya sakafu, ambayo inafaa iwe ya vipande vinavyong'oleka. Sabuni isuuzwe. Dawa ya klorini ndiyo ya mwisho, kwa sababu klorini inayokutana na uchafu humalizika nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Vijiko viwili vya mezani vya dawa ya kawaida ya kufanya nguo ziwe nyeupe, ile yenye nguvu ya asilimia tatu na nusu hivi, vinatosha kwa ndoo ya lita 10. Iachwe kwa dakika kama 10, isuuzwe kwa maji safi, kisha jua likaushe. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, tindikali au dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa hewa ya sumu. Wala isimwagwe ziwani kwa wingi.

Afadhali kuliko kusugua ni kumzuia samaki asiguse ubao. Kreti za plastiki au sanduku lenye kuta nene la kuhifadhi barafu huoshwa kwa dakika chache, na nyufa hazina. Mashua za faiba nazo hazinywi damu kama mbao, ingawa bei yake humshinda mvuvi mdogo. Mafuta ya mashine yakae upande mmoja wa chombo na samaki upande mwingine, na dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani lisipande chomboni kabisa, hata kama limeoshwa mara saba.

Kinachorudisha nyuma haya yote ni namna samaki anavyolipwa. Ufukweni bei hukatwa kwa kilo, kulingana na aina na ukubwa wa samaki. Aliyenunua sabuni, klorini na barafu husimama kwenye foleni ya mzani pamoja na asiyenunua chochote, na mara nyingi wote wawili huondoka na bei ile ile. Katika Ziwa Victoria, barafu nyingi huwa katika mashua za mawakala wanaokusanya samaki kwa niaba ya viwanda, na ndizo zinazomulikwa zaidi. Mtumbwi uliowanasua samaki nyavuni usiku hauna barafu. Saa zinazopita kabla vyombo hivyo viwili kukutana hazionekani katika hati yoyote ya usafirishaji.

Na huyo ni samaki wa Ulaya. Omena, na samaki wanaopelekwa soko la Gikomba na miji ya ndani ya nchi, hawana mnunuzi wa ng'ambo wa kuwatetea. Ni wao wanaoliwa na Wakenya walio wengi, na ni mitumbwi yao ambayo bado huoshwa kwa maji ya kando.